Kwenda Kambi ya Asali na Watoto: Jibu kwa Mama wa Tabora Kuhusu Simba, Fisi, Chui na Mamba

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Tabora mjini. Mkubwa ana miaka 11, wa pili 6, na mdogo ametimiza 2. Mwezi wa nane mume wangu anataka twende wote kwenye kambi ya baba mkwe, mbele ya Sikonge, karibu na mto unaoelekea Ugalla, ambako wazee wanarina asali. Tutalala huko siku tatu. Mwaka jana walisikia simba akinguruma usiku. Mume wangu anasema moto mkubwa, panga na mbwa wetu vinatosha. Ningependa watoto waujue msitu wa babu yao, lakini moyo wangu hautulii. Tufanyeje, na je, huyu mdogo aende?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Moyo wako una haki ya kutotulia, kwa sababu miombo inayoanzia Sikonge na kuelekea Ugalla bado ina simba, chui, fisi madoa na mbwa mwitu, na mto wenyewe una mamba. Ni neema kwamba bado wapo, na ni vyema watoto wako wakakua wakijua kwamba msitu wa babu yao una wenyewe. Nimetumikia uhifadhi wa wanyamapori katika misitu hii ya magharibi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika matukio niliyoitwa kuyashughulikia, machache sana yalianza na mtu aliyekuwa katika kazi kubwa ya porini. Mengi yalianza na safari ndogo ya hatua ishirini au thelathini: mtu ametoka kujisaidia usiku, ameshuka mtoni na ndoo, amekwenda kuongeza kuni, au amemfuata mbwa aliyekuwa akibweka kichakani. Kwa hiyo jibu langu litahusu zaidi safari hizo ndogo, nani anazifanya na saa ngapi, kuliko namna ya kupambana na mnyama.

Niseme kwanza habari ya mbwa mwitu ili nimwondoe njiani. Ukibahatika kuliona kundi lao, wale wenye masikio makubwa ya duara na mabaka ya rangi mchanganyiko, waonyeshe watoto na mtulie. Hawana desturi ya kumshambulia mtu, na ni wanyama walio hatarini kutoweka. Wanaohitaji tahadhari yako ni simba, fisi, chui na mamba, kila mmoja kwa namna yake.

Kwa simba, jambo la kwanza ni tarehe ya safari. Nchi yetu ina historia nzito katika hili: watafiti walihesabu kuwa tangu mwaka 1990 hadi walipochapisha matokeo yao mwaka 2005, simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308 hapa Tanzania, wengi wao katika wilaya za kusini kama Rufiji na zile za Lindi. Baadaye, mwaka 2011, Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake, akiwemo Dennis Ikanda wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, walilinganisha mashambulio hayo na umri wa mwezi angani. Waligundua kuwa mengi yalitokea kati ya machweo na saa nne usiku, na kwamba siku kumi zinazofuata mwezi mpevu ndizo zenye hatari kubwa kuliko nyingine. Sababu yake inaeleweka. Simba huwinda vizuri gizani, na katika usiku wa mbalamwezi windo humwona mapema, hivyo simba hushinda na njaa. Mwezi mpevu ukishapita, mwezi huchelewa kuchomoza kila siku kwa karibu dakika hamsini zaidi, na lile giza la mapema linarudi wakati watu bado wako nje wanapika, wanaongea na kwenda chooni, huku simba akiwa na njaa ya siku kadhaa.

Wazee wetu wa Tabora wanaofuata hesabu ya mwezi mwandamo wanaweza kukusaidia hapa kuliko simu yako. Mwezi hupevuka tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Kwa hiyo usiku wa kuogopwa zaidi ni kuanzia tarehe kumi na sita hadi tarehe ishirini na tano ya mwezi huo wa Kiislamu. Mwombe mume wako muende kati ya tarehe nane na tarehe kumi na tatu za mwezi huo, ambapo jua linapotua mwezi tayari uko juu na saa za mwanzo za usiku zina mwanga. Utafiti ule ulifanyika kusini na miombo yenu ni ya magharibi, lakini tabia ya simba kupenda giza ni ileile, na kubadilisha tarehe hakuwagharimu chochote. Simaanishi kwamba usiku wa mbalamwezi watoto wacheze nje. Kanuni za usiku zinabaki palepale.

Kanuni hizo ni hizi. Mwezi wa nane jua la Tabora linatua kabla kidogo ya saa moja jioni. Panga kwamba ifikapo saa kumi na mbili watoto wameshaoga, wameshakula, wameshajisaidia, na kuni na maji ya usiku mzima yameshaingia ndani au yapo mlangoni. Baada ya hapo mtoto hatoki tena mpaka jua lichomoze, hata kama ni hatua tano, hata kama anashikwa mkono. Nunua ndoo yenye mfuniko au kopo kubwa la watoto kujisaidia ndani usiku. Najua familia nyingi huona haya kwa jambo hili, hasa mbele ya wakwe, lakini ukinilazimisha nitaje kitu kimoja tu cha kubeba kutoka mjini nitataja hiyo ndoo, kabla ya tochi na kabla ya panga. Mtu mzima akilazimika kutoka, wawili watoke pamoja na tochi yenye nguvu, wamulike kwanza pande zote wakiwa bado mlangoni na kutazama kama kuna macho yanayong'aa, kisha wabaki karibu na ukuta. Mkiona macho yanayowatazama bila kuhama, rudini ndani kinyumenyume, tochi ikiendelea kumulika palepale.

Sasa kuhusu moto. Mume wako hajakosea kwamba moto unasaidia: unatoa mwanga, unawafanya watu wazima wakeshe kwa zamu, na wanyama wengi hawapendi kuukaribia. Kosa ni kuufanya moto kuwa ukuta. Fisi huvutwa na harufu ya mahali palipopikwa nyama, na moto ukififia saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala fofofo, hubaki majivu ya uvuguvugu na mifupa iliyotupwa kando. Asubuhi moja, katika kambi ya warina asali ambayo sikulala ndani yake, nilikuta nyayo juu ya majivu yaliyomwagwa, safi kana kwamba zimepigwa mhuri: vidole vinne, alama za kucha mbele yake, unyayo wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma. Alikuwa fisi. Alizunguka mafiga yote matatu, akapita kati ya sufuria mbili bila kuziangusha, na nyayo zake ziliishia pale kijana mmoja alipokuwa amelala juu ya mkeka, kichwa kikielekea motoni. Mnyama alisimama hapo, maana nyayo zilikuwa zimedidimia na kupishana, kisha akaondoka. Fisi madoa anayeonekana mwoga mchana huwa na ujasiri mwingine kabisa usiku mbele ya mtu aliyelala chini, na mara nyingi huuma uso au mkono. Nakutajia nyayo hizo pia kwa sababu inafaa mzitafute kila asubuhi kabla watoto hawajatoka: za fisi na mbwa huonyesha kucha, za simba na chui hazionyeshi kwa kuwa kucha zao hurudi ndani wanapotembea, na unyayo wa simba mzima ni mkubwa kiasi cha kiganja chako au zaidi.

Kinachowalinda usiku, kwa hiyo, ni mahali pa kulala panapofungwa. Mwulize baba mkwe mapema: kibanda kina mlango? Mlango wa miti iliyosukwa na kufungwa kwa kamba imara kutoka ndani unatosha. Pazia la kanga halitoshi, na chandarua ni kwa ajili ya mbu. Hema lenye zipu iliyofungwa mpaka mwisho husaidia kwa kiasi kikubwa, lakini hema lililoachwa wazi kwa sababu ya joto halina faida hiyo. Watoto walale katikati, watu wazima kandokando, na kichwa cha mtu yeyote kisigusane na ukuta. Nyama, samaki, masega ya asali na mabaki ya ugali visilale mlikolala ninyi. Vitundikwe juu ya mti mbali na kambi, na mifupa ichomwe au ifukiwe kwa kina. Zunguka moto kwa udongo uliofyekwa, kwa maana mwezi wa nane nyasi ni kavu na moto ukitoroka, msitu na mizinga ya babu vitateketea.

Kutembea mchana kuna hatari ndogo zaidi, ila kuna utaratibu wake. Msianze safari mpaka jua limepanda, na mrudi kambini saa kumi jioni. Mtu mzima atangulie, watoto wafuate, na mtu mzima mwingine awe wa mwisho, kwa sababu anayebaki nyuma peke yake, hasa akiwa mfupi, ndiye anayeonekana kama windo. Ongeeni kwa sauti ya kawaida. Mnyama akisikia watu wanakuja, kwa kawaida huondoka kabla hamjamwona. Kaeni mbali na makorongo yenye vichaka vizito, na mkiona tumbusi wanashuka mahali pamoja, au mkisikia harufu ya mzoga, geuzeni njia bila kwenda kuhakikisha. Mwanao wa miaka sita akisema amewaona "paka wadogo" chini ya kichaka, usiende kuangalia. Rudini kwa njia mliyojia, taratibu, kwa kuwa mama yao hayuko mbali.

Ikitokea mmekutana na simba uso kwa uso, kukimbia ndilo kosa linaloua. Mtu hawezi kumshinda simba mbio, na mgongo unaokimbia humwamshia silika ya kufukuza, hata kama alikuwa ameshiba. Simameni, kusanyikeni mwe kundi moja, watoto nyuma yenu, mtazameni, inueni mikono na kanga juu mwonekane wakubwa, semeni kwa sauti nzito. Akinguruma huku akipigapiga mkia, anawaambia mko karibu mno. Rudini nyuma hatua kwa hatua bila kumpa mgongo. Akija mbio kisha akasimama, nanyi simameni mpaka atulie, halafu mwendelee kurudi nyuma. Ni rahisi kuandika hivi nikiwa nimeketi, nami najua miguu inavyotaka kufanya kinyume. Ndiyo maana nakusihi mfanye mazoezi nyumbani, chini ya mwembe, wiki mbili kabla ya safari: mtu mmoja aseme "kisiki!" na watoto wote waje kukushika kanga na kuganda. Rudieni mpaka yule wa miaka sita afanye bila kufikiri.

Chui anahitaji tofauti kidogo. Mara nyingi hutamwona, na ukimwona amelala tawini au amejibanza kwenye nyasi akiamini hujamwona, usimkazie macho wala kumnyooshea kidole; endelea kutembea kama hukuona kitu na uondoe watoto hapo. Chui huwa hatari sana anapohisi amebanwa bila njia ya kutokea. Akishamrukia mtu, hakuna kutulia tena: apigwe kwa kila kilichopo, machoni na puani, na wote wapige kelele.

Chui ndiye anayenifanya nishauri mbwa wenu abaki Tabora. Mbwa ni chakula anachokipenda, na mbwa aliyefungwa mlangoni kwa watoto anaweza kumleta chui pale pale ambapo hukumtaka. Mchana nako, mbwa humchokoza simba kichakani, kisha akiogopa hurudi mbio kwa mwenye mbwa, simba akiwa nyuma yake.

Mtoni ndipo ninapokuomba uwe mkali kupita kote. Mwezi wa nane na wa tisa mito ya upande wa Ugalla hupungua, mahali pengine hubaki madimbwi tu, na mamba waliokuwa wametawanyika hujikusanya humo. Niliwahi kukaa juu ya ukingo wa dimbwi kama hilo, kwenye dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, nikitazama kwa darubini. Chini yangu binti wa miaka kumi na minne hivi alikuwa akiosha sufuria juu ya jiwe ambalo wanakambi walilitumia kila jioni. Ukoko wa ugali ulikuwa ukielea na samaki wadogo wakiugombania. Kiasi cha mita ishirini kutoka kwake kulikuwa na kitu kama kipande cha gome. Alipoinama kusugua, gome lilisogea bila kuacha hata kiwimbi. Aliposimama kujinyoosha, lilitulia. Alipoinama tena, nikaona wazi vinundu viwili vya macho na kimoja cha pua, sasa viko mita nane. Nilipiga kelele, akapanda ukingo mbio akiacha sufuria. Tulipotazama chini, kichwa cha mamba kilikuwa kimeibuka palepale kwenye jiwe, kimya, kisha kikazama. Binti alikuwa ametumia jiwe lile jioni nyingi, saa ileile, na mamba alikuwa amelijifunza.

Kwa hiyo bebeni maji ya kunywa na kupikia kutoka mjini, madumu kadhaa ya lita ishirini, ili safari za mtoni ziwe chache. Maji ya kuoga na kuosha yatekwe na watu wazima wawili, jua likiwa kali, mmoja akiteka na mwingine akitazama maji tu. Ndoo ifungwe kamba ndefu na kurushwa kutoka ukingo wa juu, na kila mara mahali pabadilishwe. Kuosha vyombo, kufua na kuoga kufanyike kambini, mbali na maji. Watoto wasisogee ukingoni hata dimbwi likionekana dogo na limetulia, kwa kuwa mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima bila kuonekana. Kiboko hali nyama, wala nyati, lakini wote wawili huua watu, na kwa ajili yao kambi isijengwe kwenye njia pana iliyokanyagwa kutoka mtoni kwenda malishoni.

Panga lina kazi nyingi kambini, na mume wako alibebe. Ninachoogopa ni ujasiri unaokuja nalo. Nenda siku moja na watoto Kwihara, hapo hapo Tabora, kwenye tembe alikokaa David Livingstone, kisha uwasimulie mkono wake. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika Afrika Kusini ya leo, alimpiga simba risasi mbili, na wakati anashindilia tena bunduki, simba yule aliyejeruhiwa akamrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Hakupona sawasawa maisha yake yote. Mwili wake uliobebwa na watumishi wake Chuma na Susi na kupita Tabora mwaka 1873 ulitambuliwa London mwaka uliofuata kwa mfupa huo. Mnyama aliyejeruhiwa asifuatwe na mtu wa familia hata kidogo. Toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya, nao watafanya kazi yao.

Mtu akijeruhiwa, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Ikishadhibitiwa, lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, halafu mwondoke kwenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Kitete, Tabora, moja kwa moja. Msiweke majivu, udongo wala tumbaku. Meno ya wanyama hawa huacha usaha mbaya ndani hata kama tundu linaonekana dogo, na fisi au mbweha, hasa anayekuja mchana bila kuogopa watu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaanza huwa hakitibiki tena. Chanjo lazima itangulie. Vilevile hakikisheni kambi ya baba mkwe iko mahali panaporuhusiwa na kibali chake kipo. Sehemu ya Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na kifuta jasho au kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa waliodhuriwa na wanyamapori, hakimfikii aliyedhurika akiwa ndani kinyume cha sheria.

Nabaki na swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujifunza "kisiki", hulia usiku, na hutoka mkononi mwa mtu kwa dakika moja ya kusahau. Kama kibanda kina mlango unaofungwa kutoka ndani, na mko watu wazima wanne ili mmoja awe na kazi yake yeye tu, mchukue, na akitembea msituni awe mgongoni kwenye mbeleko, kamwe asitembee kwa miguu. Kama kibanda ni cha wazi, au watu wazima ni ninyi wawili na mzee peke yake, mwache kwa bibi yake au ndugu mwingine mnayemwamini, uende na wakubwa wawili, na huyu mtamchukua mwaka atakaoweza kusimama akiambiwa asimame.